Urpo Aliyeikomesha Injini

Urpo Saarelma wa kijiji cha Kuukasjoki alikuwa na uadui na kitu chochote kinachocheza. Kiti kikiyumba, alikipigilia misumari sakafuni. Bomba likivuja, alilikaza mpaka mkewe, Helvi, akawa anachota maji ya kahawa sauna, kwenye chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa la jikoni halikufunguka tena. Miaka mingi aliendesha greda la kusukuma theluji barabarani, na alipostaafu akapata nafasi ya kuikaza dunia nzima.

Kilichomshinda ni pikipiki yake ya theluji. Kila akipanda nayo kilima cha nyuma ya kanisa na kupiga resi, mkanda unaounganisha klachi ya mbele na ya nyuma uliungua. Harufu ya mpira ilitangulia kufika kijijini. Urpo akafuata kwa miguu, helmeti kwapani, akiwatukana waliotengeneza mkanda. Hakuwahi kushuku kitu kingine, maana kitu kingine chote alikuwa amekikaza mwenyewe.

Shemeji yake Raili, dada wa Helvi, alikuwa mfugaji wa kulungu wa theluji, na maisha yake mengi yalipita juu ya pikipiki hizo. Siku moja alimkuta Urpo ameduwaa mbele ya boneti iliyo wazi.

"Shemeji, shika breki, halafu piga resi kidogo," alimwambia. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Injini inarudi nyuma, jamani! Imekalia mipira ya kumeza mtikisiko, na mkanda unaivuta. Ikisogea, klachi ya mbele inakwenda upogo, haitazamani tena na mwenzake. Ndiyo maana mkanda unaungua. Weka bolti hapa nyuma ya injini, iizuie. Ila usiibane, uiachie upenyo wa kupumua."

Urpo alisikia neno "iizuie." Yaliyobaki yalipita juu ya kofia yake.

Aling'oa mipira yote, akaweka vipande vya chuma mahali pake na kukaza bolti hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaenda kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, wanakokutana wastaafu, akatangaza kwamba tatizo lililowashinda mainjinia yeye amelimaliza kabla ya chakula cha mchana.

"Injini yangu sasa haitikisiki," alisema.

"Kwani mtikisiko umekwenda wapi?" aliuliza mmoja wao.

"Umekoma."

Haukukoma. Ulihamia kwa Urpo.

Jumapili ya mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, alimpakia Helvi nyuma, na kapu la soseji katikati yao, wakashuka ziwani. Pikipiki ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kioo cha pembeni kilianguka, Urpo hakugeuka. Taa ikazimika.

"Urpo, me-meno yangu!" Helvi alilia.

"Yamefanyaje?"

"Yana-gongana!"

"Yakaze!"

Na mkanda, tuseme ukweli, haukuungua. Urpo alipaza sauti kumwonyesha Helvi ushindi huo, na wakati huohuo ekzosi ikapasuka, ikafuatiwa na fremu chini ya injini. Pikipiki ililala kifudifudi katikati ya ziwa, kijiji kizima kimekaa kwenye vigoda vyake kikitazama. Wavuvi walisahau nyuzi zao matunduni. Helvi alishuka, akaokota soseji zake kwenye theluji, akaenda kukaa na Raili. Hilo lilimuuma Urpo kuliko kicheko cha wote. Alijaribu kushika kikombe cha kahawa alichopewa na jirani, lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi, kahawa yote ikaishia kwenye suruali.

"Sasa kaza na hicho kikombe!" mtu alipiga kelele.

Alirudishwa nyumbani ndani ya kisleji, tela lisilo na magurudumu linaloburutwa na pikipiki ya Raili, juu ya gunia la samaki, uso ukitazama nyuma.

Wiki iliyofuata hakuonekana kituo cha mafuta. Alikuwa bandani akichomelea fremu. Alirudisha mipira, akafunga bolti ya kuzuia, na kati yake na injini akapitisha kipande cha boksi la kahawa ili apime upenyo, akakichomoa. Mkono wake ulitamani kuongeza robo raundi. Akaurudisha mfukoni kwa nguvu. Alipopanda kilima cha kanisa, klachi zilitazamana, na mkanda ukafika juu ukiwa wa vuguvugu tu.

Kituoni akawa mhadhiri. "Siri ni upenyo," alisema, kidole juu. "Mtu mjinga anabana. Mimi baada ya utafiti nimegundua injini lazima ipumue."

Raili alikuwepo, anatafuna jibini. Wote walimtazama, wakingoja amchane.

"Umegundua mwenyewe, shemeji?"

"Mwenyewe kabisa."

"Hongera. Basi na yangu imeanza kuchoma mkanda. Mimi nitaijulia wapi kazi ya kitaalamu hivyo?"

Urpo alikunjua mabega kama waziri aliyeapishwa. Asubuhi iliyofuata alikuwa amelala juu ya theluji uani kwa Raili, kichwa ndani ya boneti, vidole vikimwuma kwa baridi, akieleza kwa sauti kila anachofanya. Dirishani, dada wawili walikuwa wanakunywa kahawa. Alipomaliza ya kwanza, Raili alifungua mlango akatoa kichwa.

"Shemeji, nyuma ya banda kuna nyingine mbili."