Leso Moja, Ukuta kwa Ukuta

Chumba nilichoonyeshwa Mombasa, kwenye simu ya wakala, kilikuwa na dirisha. Mbele yake palikuwa na pazia la manjano lenye maua meupe, na jua limejaa nyuma ya maua hayo. Kitanda cheupe, zulia, sakafu iliyokwenda mbali.

"Kwenu una chumba kama hiki?" wakala aliniuliza, na jibu alilijua.

Nilitia saini mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani Saudia kwa ajili ya lile dirisha. Nilikuwa na riwaya nusu ndani ya daftari, nikajiona nikiimalizia pale, kila kazi zikiisha.

Chumba nilichokikuta Jeddah, mtaa wa Aziziya, kilikuwa stoo kando ya mashine ya kufulia. Kitanda kilikuwepo. Dirisha halikuwepo, wala alama ya kwamba liliwahi kuwepo. Nilidhani wakala alichanganya picha, na kwa karibu mwaka mzima nilimlaani yeye. Nilikuwa nikimlaani mtu asiye na hatia, au mwenye nusu tu ya hatia.

Madam, mwajiri wangu, alipangisha vijumba vidogo vyenye samani, viwili Jeddah, na vitatu Riyadh alivyoshirikiana na dada yake. Mpangaji akihama tulikwenda pamoja, mimi na ndoo, yeye na simu. Nilisafisha, kisha nikashika taa, na mwishowe nikapiga picha mwenyewe, kwa sababu mkono wangu ulitulia kuliko wake.

"Simama pembeni kabisa, mgongo ukutani," alinifunza. "Shusha simu mpaka usawa wa tumbo. Ukipiga kutoka juu, sakafu inakufa."

Viti vizito tulivitoa, tukaweka vyenye miguu myembamba ili sakafu ionekane ikipita chini yake. Kitanda tulikikata nusu kwenye ukingo wa picha, atakayekiona akimalizie mwenyewe. Katika duka la simu kule Sharafiya alinunua lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera, na ukuta wa hatua tatu ukawa ukuta wa ukumbi wa harusi. Sitaficha: niliipenda kazi ile. Jicho likikosa mwisho wa ukuta, hujenga uwanja.

Kisha tukaenda Riyadh, kwenye kijumba ambacho chumba chake cha ndani hakikuwa na dirisha. Madam alitoa pazia kwenye mfuko aliokuja nao, akaniambia nilipigilie kwenye ukuta mtupu. Nyuma yake akaweka taa ya meza, akaiwasha.

"Jua limechomoza," alisema, akacheka.

Pazia lilikuwa la manjano, lenye maua meupe.

Nilikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi. Nilishuka polepole, nikapiga picha aliyoitaka, ikatoka nzuri kuliko zote. Toka siku ile chuki yangu ilikuwa na anwani.

Mkataba wangu ulikwisha. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kabatini kwake.

"Kwanza aje mwingine," madam alisema. "Akifika, wewe unaondoka siku hiyo hiyo. Yalla, haya, kipige picha chumba chako, tumpelekee wakala."

Kwa hiyo njia ya kwetu ilipita kwenye picha ile. Nikidanganya vizuri, mwanamke mwenzangu anaingia stoo nami natoka. Pazia la manjano lilikuwa limesahauliwa Riyadh, nikamwambia madam nitatundika leso yangu, kanga ya kujifunga. Aliipenda. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, na niliipigilia ukuta wa mwisho: ilianza pembe moja ikaishia pembe ya pili, mji wake, lile pambo kubwa, katikati, pindo zake nne zote zikionekana. Nilisimama pembeni, nikashusha simu tumboni, nikabana lenzi. Ukuta ukatanuka, leso ikatanuka nao.

"Kasri," madam alisema.

Yeye hakujua leso ina urefu gani. Mwanamke wa kwetu anaujua mwilini: amejifunga, amebebea mtoto, amefunikia maiti. Hakuna lenzi itakayomdanganya. Akiona leso moja imeziba ukuta mzima, ameshakipima chumba. Nilijua pia kwamba huenda nimejifungia mwenyewe ndani yake. Ningependa kuandika kwamba niliwaonea huruma hao wenzangu. Nilichotaka ni madam akose mtu wa kuja.

Mwanamke wa kwanza aliyeonyeshwa picha na wakala alikataa. Wa pili alikataa. Madam aliitazama picha tena na tena, akaikuza kwa vidole, asione kosa. Shaabani ilikuwa inakwisha, kibali changu cha kukaa kikiisha nayo, na jamaa zake wa Riyadh walikuwa wakija kufunga Ramadhani kwake. Wa tatu, mwanamke wa Likoni, akataka kuzungumza nami. Madam akaweka simu kwa sauti kubwa, akasimama kando yangu, ingawa Kiswahili hakukijua.

"Dadangu, hiyo leso ni moja ama umeunga?"

"Ni moja, na pindo zake zote."

"Haya. Sasa hicho ni chumba ama ni kabati?"

"Mimi nimelala kabatini miaka miwili, mamangu."

"Na nyuma ya leso?"

"Ukuta."

Alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeumwa na nyoka akamwona wa pili. "Mwambie bosi wako nishakaa Dammam, nazijua picha. Anipe chumba chenye dirisha, la sivyo natafuta kwengine."

"Anasemaje?" madam aliuliza.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi vyenye madirisha. Nilichagua mimi.

"Anataka chumba cha mikoba, madam."

Kilikuwa chumba alichokipenda kuliko watu. Mikoba ilikaa kwenye rafu, kila mmoja na taa yake, na dirisha lilitazama mashariki.

"Mafi, hakuna," alisema. Siku nne alisema mafi. Siku ya tano dada yake alipiga simu kutoka Riyadh kutaja idadi ya wageni, na madam akaniita bila kunitazama.

"Halas, basi. Hamisha."

Asubuhi ya siku ya kufika yule wa Likoni niliibeba mikoba mmoja mmoja, bila haraka. Nikaipanga sakafuni stoo, kitandani, juu ya kitanda tena, mpaka ikagusa dari na bado mingine ikabaki nje, kando ya mashine ya kufulia. Madam alikuja, akasimama mlangoni. Kwa miaka miwili hakuwahi kusimama pale.

"Ni kidogo hivi?" aliuliza.

"Simama pembeni, madam," nilimwambia. "Shusha simu mpaka tumboni. Kitakuwa kikubwa."

 Madam akaenda kulifungua kabati lenye pasi yangu, nami nikajipenyeza kati ya mikoba, nikang'oa misumari minne, nikaikunja leso.