Kadi za Kaka Yangu na Ukuta wa Berea

Kaka yangu aliniachia kadi mia moja na kumi na mbili za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bablishi tulipokuwa wadogo Tanga. Alipofariki nilizibeba kwenye kopo la biskuti hadi Johannesburg. Kwa miaka kopo lilikaa chini ya kitanda changu, mtaa wa Berea, salama kabisa.

Mwaka jana bomba la ghorofa ya juu likaanza kuvuja. Maji yalishuka ukutani kidogo kidogo, na siku nilipofungua kopo nikakuta kadi za chini zimevimba na kuota ukungu. Nikazitandaza kitandani, nikazipangusa moja moja kwa kitambaa kikavu. Kisha nikashuka kwa msimamizi wa jengo.

"Eish, mama, fundi atakuja Jumatatu," alisema.

Zikapita Jumatatu tatu. Nikahamishia kopo juu ya kabati, ukungu nao ukapanda. Nikanunua vifuko vya nailoni Jules Street, kila kadi na chake, vifuko vikatokwa jasho kwa ndani. Nilikuwa nikirudi kutoka Doornfontein, ninakoshona sare, hata viatu sijavua naanza kukagua kadi. Kila nilichojaribu kilizidisha uharibifu, na hasira sikujua nimtolee nani.

Chumbani nakaa na dada mmoja Mkongo, msusi. Tumetenganishwa na pazia. Alikuwa akiniona nikihangaika. Ijumaa moja narudi, namkuta amekaa na kopo mapajani, anatabasamu.

"Yaya, ona sasa," akaniambia; ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Maji haiwezi ingia tena."

Alikuwa amezipeleka zote duka la fotokopi, zikafunikwa plastiki kwa mashine ya moto, kama vitambulisho. Unyevu ulikuwa umefungiwa humo humo. Sura za wachezaji zilijaa mapovu na madoa ya kahawia. Nikainusa moja. Kadi zile zilikuwa bado zinanukia bablishi kwa mbali, miaka yote hiyo. Sasa zilinuka plastiki tu.

"Nani alikwambia uziguse?"

Tabasamu likamtoka. "Nilifunga kazi mapema juu yako, yaya. Nilitaka kukusaidia."

Nilijua anasema kweli, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Nikachukua mkasi wangu wa kazini nikakata ukingo wa kadi moja, nikaivuta plastiki. Uso wa golikipa ukatoka nayo. Nikauweka mkasi chini.

Wiki nzima tulisalimiana tu. Mwishowe nilimwomba radhi kwa ukali wangu, naye akasema yamekwisha. Kumshukuru sikuweza, ingawa nadhani alikuwa akingoja.

Kadi nimezipeleka kazini, kwenye kabati la vitambaa, mahali pakavu. Sijazitazama tangu nizipeleke, wakati wa Ramadhani.