Vidole vya Bibi Harusi

Salvina hakuwa mtu wa kutaka makuu. Miaka yote aliyokaa Mwakitolyo, akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo na kuosha unga wake mwaloni, penye madimbwi ya kuoshea, hakuna aliyemsikia akitamani gari wala nyumba ya vioo. Ndiyo maana siku alipotamka kwamba fungate yake ataila Dubai, wanawake wenzake walisimamisha nyundo zao wakamtazama, na mmoja akamwuliza kama asubuhi ile alikunywa uji au kitu kingine.

Alikuwa na sababu yake, wala haikuwa ya kipuuzi.

"Kila punje niliyoosha imekwenda huko," alisema. "Mnunuzi anaifunga kwenye karatasi, anasema hii inapanda ndege. Nataka nami nikaone inakokaa."

Ukimsikiliza utaona ana haki. Dhahabu yake imekwishasafiri mara ngapi, na mwenyewe hajavuka hata mpaka wa nchi. Kiwanja cha ndege cha Mwanza alikuwa amekiona kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi.

Mchumba wake, Maduhu, alikuwa fundi wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe inayonguruma Mwakitolyo kutwa kucha. Hapo ndipo walipoanzia. Salvina alikuwa akipeleka mawe yake kusaga, na kila mara Maduhu alikuwa akisafisha pipa la mashine mpaka ndani kabisa ili asipoteze hata chembe. Wateja wengine hawakusafishiwa hivyo. Watu wa machimboni si wajinga. Walijua mambo yamekaaje muda mrefu kabla ya wenyewe kuambiana. Sasa Maduhu alikuwa amekwishabatizwa, mahari ilikwisha kwenda kwa kaka zake Salvina huko Ushirombo, na majina yao yalikuwa yakingojea kutangazwa kanisani. Wote wawili walikuwa wanakaribia miaka arobaini. Maduhu aliposikia habari ya Dubai hakucheka. Alikuna kidevu, akauliza kama huko nako wana makarasha.

Basi yakaanza maandalizi, na maandalizi ya safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya huwa na walimu wengi. Marselino, dalali wa dhahabu ambaye alidai kufika Dubai ingawa hakuna aliyemwona akiondoka, aliwaonya wabebe blanketi, maana nje kule jua linakaanga, lakini ukiingia ndani ya maduka unatetemeka. Mwingine akasema ndegeni ukilala mdomo wazi unakohoa wiki nzima. Euphrasia, rafiki mkubwa wa Salvina na mpika uji wa mwaloni, alitaka kujua jambo moja tu, kama kule kuna ugali. Alipoambiwa hakuna uhakika, akaanza siku ileile kukausha michembe ya viazi kwenye paa lake, michembe ya kutosha watu kumi, akisema hatakubali maharusi wakafe njaa ugenini. Jioni moja walipanga viti vya plastiki viwiliviwili mbele ya kibanda chake, wakawafunga maharusi kwa kanga viunoni ili wazoee mikanda ya ndegeni, na Euphrasia akapita katikati akiwagawia karanga kama mhudumu. Salvina alicheka mpaka kiti kikaanguka naye.

Kabla ya karanga za ndegeni, hata hivyo, kuna pasipoti. Walivaa nguo za kanisani wakapanda gari kwenda Shinyanga mjini, kwenye ofisi ya kuombea hati hizo. Maduhu alitangulia kuweka vidole vyake kwenye kioo cha mashine, vikasomeka vizuri. Ikaja zamu ya Salvina. Akaweka mkono wa kulia, mashine ikakataa. Akaweka wa kushoto, ikakataa. Afisa, dada mmoja mpole, akampa kitambaa afute jasho, akajaribu tena kidole kimoja kimoja. Kwenye skrini lilitokea doa jeupe tu, kama vile hakuna mtu aliyegusa.

Si kwamba Salvina hakujua kabisa. Hata laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la Maduhu, kwa sababu kijana wa kusajili alihangaika na dole gumba lake mpaka akakata tamaa. Siku ile waliligeuza kuwa jambo la kuchekesha. Kitambulisho cha taifa alikuwa nacho, lakini alikichukua kabla hajaja machimboni, mikono yake ilipokuwa bado na alama zake. Tangu hapo nyundo, mchanga na sabuni ya unga vilikuwa vikizisugua kila siku ya Mungu.

Afisa alivigeuza viganja vyake, akauliza kama ni mtu wa machimboni. Alikuwa amewaona wengi. Akamwambia ngozi huota upya ikiachwa: asiguse mawe, asiguse mchanga, asiguse sabuni kali, apake mafuta asubuhi na jioni, arudi baada ya mwezi. Harusi ilikuwa baada ya hapo kidogo tu. Bila alama hakuna pasipoti, na bila mikono kupumzika hakuna alama. Njiani kurudi Salvina alikaa akiviangalia vidole vyake. Maduhu alidhani analilia Dubai, kumbe mwenzake alikuwa akijiuliza mtu akiambiwa asifanye kitu mwezi mzima anakaa vipi.

Maana hilo hakulijua. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na tangu siku ile yeye ndiye aliyewapikia wadogo zake, akalima, akafua, akateka maji, kisha akaja kuponda mawe. Kukaa bure aliona ni ugonjwa. Siku za kwanza alijitahidi. Alikaa mlangoni na mikono mapajani, kila apitaye akimtania kwa kumwita bibi harusi wa mayai, ati akiguswa atavunjika. Alifagia kwa mguu. Alijaribu kuosha vyombo akiwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, akavunja sahani mbili. Kisha asubuhi moja alijidanganya kwamba kidogo hakiharibu, akatoka kabla watu hawajaamka, akakaa kwenye rundo lake la mawe na kuanza kuponda. Loo, raha aliyoipata! Ilikuwa raha ya mtu aliyerudi kwao. Euphrasia alipofika kuwasha moto wa uji alimkuta amekwishaponda nusu ndoo, na vidole vilivyokuwa vimeanza kulainika vimechubuka upya.

Euphrasia hakugomba. Alimpokonya nyundo, akaenda kuifungia ndani, akarudi kukaa naye chini. Hapo Salvina akalia, akasema yote. Hakuogopa Dubai wala mashine. Alimwogopa mama yake Maduhu, ambaye alikuwa anakuja wiki ile kuwaona kabla ya harusi. Usukumani mke husifiwa kwa mikono yake. Mama huyo atasema nini akimkuta mkwe wake ameketi kama mfalme, anatekewa maji na jirani?

Na kweli mama alikuja. Jina lake Rebeka, mwanamke mrefu mkavu, aliyelima pamba na mtama maisha yake yote na kusomesha watoto kwa jembe. Alishuka kwenye bodaboda na kuku wawili, mfuko wa michembe na chupa kubwa ya samli ya ng'ombe. Salvina alipiga goti, akamwamkia kwa kumwita mama Kisukuma, "Shikamoo, mayu." Mama akaitikia marahaba, huku macho yake yakizunguka uani: moto haujawashwa, ndoo tupu, na jirani akifua nguo za bibi harusi.

Salvina akashindwa kuvumilia. Bila kufikiri alikimbilia mchi, akamimina mahindi kwenye kinu, akaanza kutwanga kana kwamba anafukuzwa. Maduhu akajaribu kueleza, lakini mwanamume akiwa kati ya mama na mchumba maneno humkimbia. Alianzia kwenye mashine, akarukia ndegeni, akaishia kwenye blanketi za Marselino. Mama hakuelewa kitu. Alichosikia ni neno vidole. Akamwendea Salvina, akaushika mchi juu kwa juu, akasema alete mikono.

Aliigeuza taratibu. Alipitisha kucha yake juu ya dole gumba, akarudia, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo.

"Mimi nilikuja kuangalia kama mwanangu anaoa mvivu," alisema mwishowe. "Mikono hii imefanya kazi mpaka imejifuta. Kaa chini, mwanangu."

Salvina akakaa. Nani angebisha?

Tangu saa ile fungate ikaanza, tena kabla ya harusi, jambo ambalo hata padri hakuwa na kifungu cha kulikataza. Euphrasia alipomweleza habari ya pasipoti, Mama Rebeka aliahirisha kurudi kwake. Yeye ndiye aliyeteka maji, akatwanga, akasonga ugali, akachinja kuku wake mwenyewe. Asubuhi na jioni alimkalisha Salvina kwenye kigoda na kumpaka samli vidoleni, kimoja kimoja, akimsimulia visa vya Maduhu alipokuwa mtoto, hasa vile ambavyo Maduhu hakutaka visimuliwe. Alimzuia hata kumenya ndizi. Wanawake wa mwaloni nao wakapeana zamu ya kuponda rundo lake la mawe, na walioleta matani wakaleta na kuni. Mara ya kwanza mama alipomwosha miguu, Salvina aliona haya hadi akafunika uso kwa kitenge. Mara ya tatu hakufunika tena. Alikuwa na furaha, na mwanzoni furaha yenyewe ilimtisha, kwa vile hakuifanyia kazi. Kisha akaizoea. Watu wa machimboni walimwona akinenepa mashavu, wakasema Dubai imeanzia Mwakitolyo.

Siku ya kurudi ofisini mama alisema anakwenda naye, asije akashawishika kubeba mzigo wa mtu njiani. Alimbebea hata mkoba. Salvina aliingia na Maduhu, na afisa yuleyule akamwambia aweke mkono. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Kidole cha kwanza kikakubali. Cha pili kikakubali. Kimoja cha kushoto kikaleta ukaidi, afisa akakifuta, akakirudisha, kikakubali nacho. Kisha dole gumba likatokea kwenye skrini, kubwa, lenye mistari iliyopindana kama matuta ya viazi kwenye kilima. Salvina aliinama akalitazama kwa muda. Hakuwahi kujiona hivyo. Akamwuliza afisa kama kweli hakuna mtu mwingine mwenye mistari ile, na afisa akamhakikishia kwamba duniani kote hakuna.

Maduhu alitoka mbio kutafuta soda za kupongezana. Salvina akamkuta mama kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, ananong'ona sala. Alimnyooshea dole gumba. Macho ya mama hayakuwa mazuri tena kwa vitu vya karibu, kwa hiyo alilisoma kwa kulipapasa, akavihisi vile vituta vidogo, akacheka kwa sauti hadi watu wa foleni wakageuka. Akataka kujua kama na yeye anayo matuta ya namna hiyo, akafungua viganja vyake juani.

Salvina aliangalia mkono wa kulia, akaangalia wa kushoto. Aliuinua ule wa kulia karibu kabisa na macho. Vilikuwa vidole virefu, vyeusi, vinang'aa, na nchani havikuwa na mstari hata mmoja. Miaka yote ya jembe, mchi na magunia ya pamba, na wiki hizi zote za kutwanga kwa niaba ya mwingine.

"Yako wapi?" mama aliuliza, bado anacheka.

Salvina alitikisa kichwa. Mama akasema si neno, alama ni za wasafiri, yeye haendi popote, na isitoshe harusi imekaribia, kuna mtama wa kusaga, kuna wageni wa Ushirombo wa kupokea, kuna maji. Aliendelea kuzitaja kazi moja baada ya nyingine huku akitaka kunyanyuka. Salvina alikuwa bado amemshika mkono, na hakuuachia.

Maduhu alirudi na soda tatu, akawakuta wameshikana mikono kama watu wa msibani. Akaingiwa na hofu, akauliza kama mashine imebadili mawazo.

"Imekubali," Salvina alimwambia. "Pasipoti itatoka, harusi ipo, na Dubai tutakwenda. Lakini kuanzia leo nyumbani natwanga mimi, na anayekaa kwenye kigoda ni mama."

Mama Rebeka akafungua kinywa kukataa. Akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kisha akaegemea ukuta na kuuacha mkono wake palepale ulipokuwa.