Kengele ya Bihogo

Katekista amekuja kuniomba habari ya wanyama na wema wa Mungu, eti niandike, wakubwa wa kanisa wasome. Angeenda kwa mwenye ulimi mutamu. Mimi masomo yangu yaliishia pale walimu walipochoka na mimi. Lakini amekalia kiti changu kizuri asubuhi nzima, na naona hataondoka mikono mitupu. Basi, shauri yake.

Nilipokuwa mutoto, wakati wa Wabelgiji, tulichunga ng'ombe kule Mushaki. Mama yangu alikufa akinizaa. Aliyenilea ni Bihogo, ng'ombe mwekundu wa tate yangu, baba wa baba. Maziwa yake njo yaliniweka duniani, na mutu asinicheke nikisema nilimwita mama. Yeye njo alivaa kengele, kwa sababu alitembea mbele, na wengine wote walifuata mulio ule.

Tukiteremka kupeleka ng'ombe soko la Sake, desturi ilikuwa moja: kwenye mashimo makubwa ya mawe meusi ya volkano, Bihogo atangulie. Akisimama, wote wanasimama. Mule mulilala mazuku, upepo mubaya usioonekana, unaoua kabla jua halijapanda. Wazee walisema ni pumzi ya wafu. Tate alikuwa amebatizwa, lakini hakuwa mujinga. Alisema: "Ya wafu ao ya mawe, sijui. Najua Mungu alimunyima ng'ombe maneno, akamupa pua. Sisi alitupa maneno, na muone tunavyoyatumia."

Asubuhi moja Bihogo alisimama. Mbele yetu shimo, majani mabichi mpaka magotini, hayajaguswa na mudomo wowote. Hilo peke yake lingetosha kumufundisha mutu. Lakini baba mudogo Rwego, mudogo wake baba, alitaka ng'ombe wafike sokoni matumbo kama ngoma, watu wamusifu.

"Kaka, ng'ombe njo anakutawala?" alimuuliza baba. "Muniangalie basi!"

Akashuka, akatembea katikati ya majani kifua mbele, hata akaimba. Akarudi muzima, akicheka. Mutu anayetembea na pua juu hajui kinacholala chini ya magoti yake.

"Hiyo mazuku iko wapi? Imeenda misa?"

Akamupiga Bihogo fimbo mpaka damu ikashuka mbavuni. Bihogo hakusogea. Nikamushika Rwego mukono.

"Baba mudogo, muache! Iko anaona kitu!"

"Nyamaza, mutoto wa ng'ombe."

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitia baridi. Alimubeba ndama wa Bihogo, akamutupa mule shimoni. Mungu alimupa Bihogo pua ya kuogopa na moyo wa kufuata mutoto wake, vyote viwili kwa kumutunza. Rwego alichukua kimoja akakitumia kuua kingine.

Ndama alinusa majani, magoti yakamukunjika kama mutu anayeanza sala. Bihogo alilia kilio kimoja, akashuka. Angebaki kichwa juu, labda angepona, maana upepo ule unalala chini. Lakini ng'ombe gani hamulambi mutoto wake? Aliinama. Kengele ikalia, ikanyamaza.

Baba alitandaza mikono njiani, akawapiga wengine puani wasifuate. Mimi alinikalia, kweli, alinikalia mugongoni, nisishuke kwa mama yangu.

Tate alipofika hakupiga kelele. Alingoja jua na upepo wa muchana visafishe shimo, akashuka, akavua kengele ya Bihogo, akamufunga nayo Rwego shingoni mbele ya watu wote.

"Umeua pua yetu. Sasa wewe njo pua. Utatangulia, na utainama kunusa kama yeye."

"Baba, miye niko mutoto wako!"

"Na yeye alikuwa na mutoto."

Kila tulipoteremka, Rwego alivaa kengele. Wanawake wa njiani walimuita: "Ng'ombe ya miguu mbili, leo iko na maziwa?" Sitasema nilimuhurumia. Tate akafa, na hakuna aliyesema kengele ivuliwe. Hata mimi sikusema.

Kisha ikaja asubuhi nyingine, mvua imekatika, hewa haisogei. Rwego alishuka katika shimo dogo tulilolipita mara nyingi. Nyuma yake ng'ombe wote walikuwa wamesimama, masikio mbele. Angegeuka, angeona. Nilimuita, na sauti yangu ilikuwa kubwa. Labda kengele iliifunika, ao hakutaka kumusikia mutoto wa ng'ombe.

Katekista, unatafuta wema wa Mungu? Ule pale, ulikuwa umesimama nyuma yake na miguu minne.

Rwego aliinama kama alivyofundishwa. Kengele ikalia, ikanyamaza. Na hakuna aliyeshuka kumulamba.