Kibao cha Kilosa Kilichohamia Uani

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya simu moja. Kazi yangu ni kuchora ramani za kwenye simu: naletewa picha za vibao vya barabarani, naviweka mahali pake. Aliyepiga alikuwa Mzee Masanja wa Tindiga, mtu nisiyemjua kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewapoteza wakwe zangu?"

Akanieleza. Wajumbe wa wazazi wa binti aliyechumbiwa na mwanawe walitoka Usangu wakifuata ramani yetu. Mikumi wakakata kona penye picha ya kibao cha Kilosa, wakakwama kwenye matope ya njia ya shamba. Walifika Tindiga wamenuna. Jumamosi wanamleta binti mwenyewe, na wameapa wakipotea tena watageuza gari, ndoa basi. Nilisikia aibu mpaka jasho likanitoka.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nilishuka Mikumi. Malori yamepanga foleni, wauza vitunguu wananiita dada kila upande. Kwenye njia panda ya Kilosa hapakuwa na kibao. Nikaifuata ramani yangu mwenyewe, ikaniingiza kwenye ua wa nyumba ya wageni. Kibao kile pale, kimesimikwa kati ya tangi la maji na banda la kuku, kinang'aa!

Mwenye nyumba, Mama Neema, alikuwa akikifuta vumbi.

"Walipotengeneza barabara kilitupwa mtaroni," alisema. "Ningekiacha watu wakaezekee choo? Nakitunza mpaka wenyewe waje. Kila wiki nakiosha."

"Na magari yanayoingia humu, mama?"

"Wanakula kwanza, ndiyo waniulize njia! Wengine hata hawaulizi, wanapitiliza hapo nyuma kwenye njia ya shamba."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Mpiga picha alikipiga alipokikuta. Mimi ndiye niliyekichora bila kujiuliza kinatafuta nini kwenye banda la kuku.

Mchana mafundi wa barabara niliowapigia simu walikirudisha njia panda, Mama Neema akikisindikiza kama anayeoza binti. Jioni ile ile ramani ikasahihishwa.

Jumamosi asubuhi basi la Kilosa lilinishusha Tindiga. Wali tayari, ng'ombe kachinjwa, wageni wanatarajiwa saa sita. Saa saba, kimya. Saa nane Mzee Masanja akaacha kutazama barabara, akaanza kunitazama mimi.

Saa tisa, vigelegele! Gari limeingia, bibi harusi anacheka, baba yake anashuka akijifuta mdomo.

"Mmepotea tena?" Mzee Masanja aliuliza.

"Tupotee wapi, na kibao tumekiona? Dereva ndiye aliyewakumbuka kuku wa yule mama, tukapitia."

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Jumapili nilirudi Morogoro pekupeku mguu mmoja. Tangu hapo sichori kibao kabla ya kumuuliza anayeishi jirani nacho. Na pale kwenye ua wa Mama Neema, nilipofuta kibao, nimechora sahani.