Spinachi ya Dakika Tatu

Siku ya kwanza nilipompelekea spinachi yangu, mzee alifunua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyefariki.

Nikamwambia hakuna aliyefariki, hiki ni chakula. Akasema yeye anaona maiti kwenye bakuli, na angependa kujua jina lake ili atoe rambirambi. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuipika ile spinachi. Nilikuwa nimeitia kitunguu, nyanya na mawese mekundu niliyotumiwa kutoka kwetu, nikaiacha motoni saa nzima mpaka ikalainika vile majani yanavyotakiwa kulainika, nikaipakata mapajani kwenye metro kutoka Rissne ninakoishi hadi Skärholmen kwake. Hasira iliyonipanda pale, Mungu anisamehe, haikuwa hasira ya mfanyakazi wa kuhudumia wazee.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Naingia kwenye nyumba za wazee wanaoishi peke yao, nawaosha, nawavisha, nawapa dawa na chakula. Mzee huyu nilipewa saa ya mchana, dakika thelathini, na simu ya kazini huanza kuhesabu mara tu ninapofungua mlango. Alikuwa Mtaliano, karibu miaka tisini. Alikuja Sweden kijana kuchomea vyuma kiwandani, akaoa Mswidi, akamzika, akabaki na nyumba ya vyumba viwili na jiko alilolipenda kuliko watu. Maisha yake yote alijipikia mwenyewe. Sasa vidole vilikuwa vimejikunja kama tangawizi, na kisu hakikukaa tena mkononi.

Kwa hiyo alikuwa analetewa chakula cha manispaa, kile cha kwenye sahani za plastiki zenye karatasi juu. Unatoboa kwa uma, unatia kwenye maikrowevu, kinalia, kwisha. Yeye alikuwa akikitazama kikizunguka mle ndani, kisha anasema ahsante, leo hapana. Kila siku leo hapana. Suruali zilianza kumvuka. Afisa wa manispaa akaja, akampima kwenye mizani ya bafuni, kilo hamsini na tatu, akasema atakuja muuguzi baada ya wiki sita. Asipofika hamsini na tano, watakaa kikao kuzungumzia kumhamishia kwenye nyumba ya wazee. Hapa hakuna anayehamishwa kwa nguvu. Wanakuuliza kwa upole, tena na tena, mpaka unachoka kukataa.

Afisa alipoondoka, mzee aliniambia kwamba kwenye jiko lile atatoka akiwa amelala chali, miguu mbele. Nikamwambia, "Basi kula, Papa." Wenzangu walimwita kwa jina lake, na ofisini walinishauri nami nifanye hivyo, lakini ulimi wangu haukubali kumtaja mtu mwenye mvi hivihivi kama wa rika langu. Yeye alijibu kwamba hana mtoto. Nikamuuliza angependa kula nini. Hapo ndipo aliposema spinachi, nami nikafurahi kupita kiasi, maana mimi nimezaliwa Bukavu katika nyumba yenye wanawake saba, na kama kuna kitu duniani sihitaji kufundishwa ni kupika majani. Sombe ya majani ya muhogo, lengalenga, matembele, nipe jani lolote nitalitiisha.

Sasa nimeshasema jinsi lilivyopokelewa bakuli langu.

Niseme pia kwa nini sikumwachia sahani yake ya plastiki nikaenda zangu, kwa sababu wengi wangefanya hivyo na wasingekuwa na kosa. Mama yangu aliacha kula Bukavu nikiwa hapa Stockholm. Dada yangu alikuwa akiweka simu juu ya mto, nami nampikia Mama kwa mdomo: sasa natia chumvi, sasa naonja, sasa nakupakulia. Yeye alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza, "Na weye, ulishakula?" Hakumeza hata tonge moja la maneno yangu, na akafariki. Bado inaniuma. Tangu hapo siwezi kumwona mtu mzima akisukuma sahani.

Siku ya pili nilinunua spinachi mbichi pale sokoni Skärholmen, mfuko uliojaa hadi shingoni, nikaja kupika mbele yake. Aliketi kwenye kiti chake karibu na jiko, mkongojo mkononi, na saa ya jikoni yenye umbo la kuku juu ya goti. Akatoa amri. Osha mara tatu, kuna mchanga. Usitie maji sufuriani, yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Funika. Akazungusha kuku.

"Dakika tatu," akasema.

"Nusu saa," nikasema.

"Tatu!"

Kwetu, majani ya dakika tatu hupewa sungura. Sombe isipoiva inaweza kukuua kwelikweli, na mtu aliyelelewa kwenye sombe hana mzaha na jani lolote, hata liwe la Ulaya. Nikaanza kuona gazeti: mzee afariki kwa kulishwa majani mabichi, mhudumu mwenye asili ya Kongo ahojiwa. Kuku alipolia, nilizima jiko mbele ya macho yake kama mtu mtiifu. Ila sikufunua kifuniko. Nilianza kufuta meza, taratibu sana, kona zote nne, huku nikijua kwamba ndani kule mvuke unanifanyia kazi yangu.

Mkongojo ulipita karibu na sikio langu na kukirusha kifuniko hadi kwenye sinki.

"Unaipika kwa siri!" akapiga kelele. "Mwizi! Muuaji!"

Nikamwambia kwamba nimemwonea huruma tumbo lake. Akasema tumbo lake lina miaka mingi kuliko nchi yangu. Nikamwambia nchi yangu aiache. Tukatazamana. Halafu tukatazama ndani ya sufuria, na mfuko wote ule uliojaa hadi shingoni ulikuwa umebaki kitu cha kujaza kikombe cha chai. Hapo ugomvi ukaisha, kwa sababu hilo jani halimwogopi mtu, linamdhalilisha Mkongo na Mtaliano sawasawa.

Alionja uma mmoja. Akasema ni maji matupu. Akasukuma sahani.

Jioni nilimpigia dada yangu Bukavu kumweleza. "Dakika tatu?" akashangaa. "Ule muzungu anatafuta kufa, na ni weye watafunga!" Binti yangu, ambaye ana miaka kumi na sita na huona kila ninachosema ni cha zamani, aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake. "Men mamma, alla gör så," akasema, yaani kila mtu hupika hivyo. Nikamwambia, "Kila mutu ni nani? Uliipika wapi weye spinachi?" Akacheka, akaniuliza kama nilikamua. Nikamuuliza nikamue nini. Akainua mabega na kurudi kwenye simu. Huyo ndiye mtoto niliyembeba mgongoni.

Lakini neno lile lilinikaa akilini. Kesho yake nilimuuliza mzee, "Papa, ulipokuwa unapika mwenyewe, ulikuwa unaikamua?"

Alitazama vidole vyake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kwamba bila kukamua ni takataka, na kwamba yeye hawezi tena kukamua, na kwamba hakutaka kulisema hilo mbele ya mwanamke. Wiki zote zile! Mtu mzima alikuwa tayari kukonda mpaka apotee, kuliko kuomba mkono wa mwenzake. Nilitaka kumpiga kwa mwiko na kumkumbatia, yote kwa pamoja.

Nikapika dakika tatu. Kuku alipolia, nikafunua. Nikamwaga kwenye chujio, nikavaa glovu zangu za kazini, nikakamua. Glovu ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikateleza na kuacha jani likaruka hadi kwenye pazia.

"Toa hayo mapira," akasema. "Umepewa mikono."

Nikavua, nikanawa hadi viwikoni mara mbili ili dhamiri yangu na ofisi yangu zitulie, nikashika spinachi. Nimekua nikifua kwa mkono suruali za jinzi za kaka wanne. Niliibana vile.

"Tena," akasema.

Nikabana tena.

"Tena. Wewe ni mwanamke wa milimani au wa mjini?"

Nikabana mpaka mabega yakauma. Maji ya kijani yalitiririka bakulini, hayakuisha leo wala kesho, na mkononi likabaki donge dogo gumu, saizi ya tonge la bugali. Nikalifanya na la pili. Mzee aliyatazama madonge yale mawili kama watu wanavyotazama watoto wa ndugu. Kisha akaniona nimeshika lile bakuli la maji, nimetia chumvi kidogo, ninakunywa.

Sijui nieleze vipi uso wake. Kwetu humwagi mchuzi wa majani, humo ndimo nguvu zote zilimo, mwanamke akijifungua ndio anaopewa. Nilikuwa nimekunywa nusu alipofungua kinywa.

"Signora," akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo, yaani bibi kwa Kitaliano. "Hayo ni maji ya kuogeshea mbwa."

"Matamu," nikamwambia, na nikamaliza kwa makusudi.

Bado kulikuwa na jambo la kitunguu saumu. Upondeponde punje moja, uiweke kwenye mafuta ya zeituni mpaka igeuke rangi ya dhahabu, kisha uitoe. Uitoe! Umemwalika mgeni, amefika, amekusalimia vizuri, halafu unamtoa nje kabla ya kula. Nilibisha, nikashindwa, kwa kuwa kuku alikuwa ameshalia na zilibaki dakika kumi na moja. Nikachambua madonge, nikayageuza mle kwenye mafuta kwa muda mfupi, chumvi, limau. Nikaiweka pembeni ya ile nyama ya manispaa yenye mchuzi wa kahawia.

Nikamuuliza bugali iko wapi. Akasema spinachi haihitaji bugali, kazi yake ni kukaa pembeni ya nyama. Kwetu majani ndiyo chakula na nyama ndiyo hukaa pembeni, ikiwapo. Nikataka kumweleza, lakini alikuwa ameanza kula, nikamwacha ale. Alikula spinachi, kisha kwa ajili ya spinachi akala nyama, kisha akapangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Nilisimama kwenye sinki nimempa mgongo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na sikutaka aseme lolote kuhusu maji.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Mara nyingine aliniambia niongeze zabibu kavu, nami nikamwambia hizo ni za pilau. Tuligombana kila mchana, na sahani ilirudi tupu kila mchana.

Siku ya kupimwa nilifika mapema kumvisha. Alitaka gauni lake la sufu la kuvaa nyumbani juu ya nguo, lile la mifuko mikubwa. Nilipomfunga mkanda nilihisi uzito usio wa sufu. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilijua, nikanyamaza. Zaidi ya hapo, nilimpa glasi mbili za maji na kumwambia choo kitamsubiri.

Muuguzi alikuwa msichana mpole mwenye daftari. Akamwomba avue gauni. Mzee akasema ana baridi. Akampandisha kwenye mizani na gauni lake: hamsini na saba na gramu mia tatu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, tena kwa haraka, kabla hajachunguza.

"Vizuri sana," akasema muuguzi. "Sasa naomba tumwage mifuko."

Zikatoka kopo mbili za nyanya. Mzee akazitazama kama anaziona mara ya kwanza. Muuguzi akazipanga juu ya meza, akachukua mizani ya jikoni, akazipima, karibu kilo nzima. Niliona kikao. Niliona sahani za plastiki zikizunguka katika nyumba isiyo yake, na mtu akisema ahsante, leo hapana, kwa niaba yake.

"Hamsini na sita na kidogo," akasema muuguzi, akiandika. "Mngeniamini tu. Kopo zingebaki kabatini." Kisha akanigeukia. "Hakuna haja ya kikao. Lakini nataka kuandika, anakula nini siku hizi?"

"Spinachi," nikasema. "Dakika tatu. Ukizidisha unaiua."

Nilisikia maneno yakitoka kinywani mwangu, mimi, mtoto wa sombe. Laiti dada yangu angenisikia.

"Mbili na nusu," akasema mzee kutoka kwenye kiti chake.

Muuguzi akaaga. Nikarudisha kopo kabatini, nikawasha jiko, nikapika, nikakamua mpaka aliposema basi, nikampakulia. Simu ilionyesha zimebaki dakika sita. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nyuma yangu sikusikia uma. Nikageuka nikidhani leo tena hapana.

Alikuwa ameigawa spinachi katikati ya sahani kwa makali ya uma, polepole, kwa vidole vile.

"Na wewe," akasema. "Umekula?"

Tangu Mama, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikaanza kusema kwamba kazini haturuhusiwi. Akasukuma kiti cha pili kwa mkongojo kuelekea kwangu.

"Basi kaa," akasema. "Lakini yale maji usinywe mbele yangu."