Sauti ya mama yangu ndani ya kamera

Leo nimelia kwa fundi wa redio hapa Bwera, mupaka watu ya bodaboda wakasimama kuangalia!

Ngoja niwaambie.

Munajua ile kamera ya video ya kaka yangu, ile ya kaseti? Ilikuwa imelala tu juu ya kabati. Ndani kuko kaseti ya harusi yangu. Mama yangu, mwenye alishakufa, iko mule. Nilitaka kusikia sauti yake tu.

Fundi akaifungua, akapangusa pahali inasomea kaseti, na pamba na spiriti.

Picha ikakuja!

Mama huyu hapa, na nguo yake ya gomesi, ya kijani. Mikono chini, macho mbele, kimya kabisa.

Fundi akacheka: "Dada, huyu mama mbona hata hapumui?"

Eh! Wakati ule sisi tulijua kamera ni ya picha tu. Kwa picha hautingishiki. Kila mutu, kaka akimugeuzia kamera, alikauka kama muti!

Roho ikaniuma. Nikamwambia fundi, "Basi, zima."

"Ngoja kwanza, dada. Kaseti haijaisha."

Pale pale mama akamuangalia kaka, akauliza pole pole na luga yetu ya Lukonzo: "Imeisha? Sasa naweza kumukumbatia mutoto wangu?"

Pale kaka alizima kamera.

Ni hayo maneno tu ya mama iko mule.

Fundi amenirudishia kaseti nyuma, amenirudishia, mupaka betri ikakufa.

Nyinyi wenzangu, mungetosheka? Mimi bado nataka.